Kurunzi Imulike Mbali

Huenda umenunua kurunzi ya LED iangazayo chumba kizima, lakini mlinzi wa zamu ya usiku akiielekeza mwisho wa ua haoni hata mtu aliyesimama langoni. Usikimbilie kuilaumu betri. Masafa ya mwanga hutegemea mambo mawili: chanzo kidogo chenye mwanga mkali, na upana wa kikombe kinachouakisi. Ili masafa yaongezeke mara 2, ukali wa mwanga wa katikati sharti uongezeke mara 4. Ndiyo maana nyingi ya kurunzi za mfukoni, ufanye ufanyavyo, hazitafika mbali.

Anza na lililo rahisi. Fungua kichwa, utazame kama LED imekaa katikati ya kikombe na kwa kina kinachostahili. Ikihitilafiana hata milimita 1, miale hutawanyika. Pete nyembamba isiyopitisha umeme yaweza kuirekebisha. Mafundi wengine hubandua kuba la LED yenyewe: jumla ya mwanga hupungua, lakini masafa huongezeka. Kazi hiyo huharibu LED nyingi, nami sikushauri uianzie.

Ukimaliza, mulika ukuta ulio mbali, usiku, ukitafuta doa dogo na kali.