Matuta ya Ngazi: Kabla ya Kuchimba, Piga Hesabu

Huku milimani swali ninaloulizwa sana ni hili: "Bwana shamba, haya matuta ya ngazi yanalipa kweli?" Kabla sijajibu, tukumbuke kilichotokea hapahapa Uluguru.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo, kwa kifupi ULUS. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo wakakataa, vurugu zikatokea, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa.

Wapo wanaosema wazee wetu walikuwa wabishi tu. Mimi nasema walipiga hesabu. Kazi ilikuwa nzito, halafu udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa na mazao yakapandwa kwenye udongo wa chini usio na nguvu. Tena mashamba mengi ni ya ukoo. Nani atavunja mgongo kwenye shamba la kuazima?

Wewe unayekodi shamba la nyanya au kabeji Mgeta, hesabu hiyo inakuhusu. Jiulize:

1. Shamba ninalo kwa muda gani? Tuta linalipa kwa miaka, siyo msimu mmoja. Kama umekodi msimu mmoja, usichimbe kwanza. Kaa na mwenye shamba na wazee wa ukoo, muandikishiane miaka kadhaa mbele ya serikali ya kijiji.

2. Hela ya vibarua ninayo? Kama huna, anza na njia nyepesi: lima kwa kukinga mteremko na panda mistari ya matete kwenye kontua. Mifugo nayo itapata majani.

3. Rutuba nitairudishaje? Ukichimba, weka udongo wa juu pembeni, sawazisha tuta, kisha urudishe juu. Ongeza samadi iliyoiva.

Usianze na shamba zima. Jaribu robo eka, kwingine lima kama kawaida. Andika kwenye daftari gharama, mavuno na bei uliyouzia, msimu ukiisha ulinganishe. Usikubali kwa sababu bwana shamba kasema, wala usikatae kwa sababu jirani kakataa. Daftari lako ndilo liamue.

Ila usichelewe sana. Udongo ukishabebwa na mvua za masika mpaka mto Ruvu, haurudi tena mlimani.