Mwani Mezani: Halali Yenye Kipimo

Baada ya sala ya Alasiri alitujia mama mmoja, mkononi ana kopo la unga wa mwani. Mkaza mwanawe ni mjamzito, na jirani amemshauri ale vijiko vitatu kila siku ili mtoto azaliwe na nguvu. Mama akauliza: "Sheikh, mwani ni halali?" Tukamjibu kuwa ni halali. Tulipofika nyumbani tukatambua kwamba tumempa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo hii.

Kuhusu uhalali hapana tatizo. Mmea wa bahari usio na sumu wala ulevi ni katika vitu vizuri tulivyoruhusiwa. Isitoshe, mwani hutuepusha na shaka. Jeli na peremende nyingi hutengenezwa kwa jelatini itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwemo. Agari na karajinani, ambazo asili yake ni mwani, hugandisha chakula bila shaka hiyo. Karajinani hutokana na mwani kama ule wanaoulima akina mama wa Kibuyuni na Mkwiro, kaunti ya Kwale, na wenzao wa Paje na Jambiani, Unguja, ambako kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989.

Ama walaji, kila kundi lina njia yake. Wajapani, waliouzoea tangu kale, huufanya kiungo: nori huzungushiwa wali, wakame hutiwa kidogo katika supu, na kombu huchemshwa kutoa ladha kisha aghalabu huopolewa. Wasiokula nyama hupata humo madini na nyuzinyuzi, lakini wasiutegemee kwa vitamini B12, kwani si kila kinachopimwa kwa jina hilo ndani ya mwani huufaa mwili wa binadamu. Wanaopunguza wanga huupenda kwa kuwa haushibishi kwa sukari. Mwenye shinikizo la damu naye auoshe vyema, maana hubeba chumvi ya bahari.

Hatari kubwa imo katika iodini. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito. Gramu moja tu ya kombu kavu yaweza kupita 1,000. Nasi chumvi yetu ya Kenya hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hatuanzi na mkono mtupu. Iodini ikizidi huvuruga tezi ya shingoni, ya mama na ya mtoto aliye tumboni. Mwani aina ya hijiki una aseniki, ambayo ni sumu, na mamlaka za chakula za Uingereza zimewashauri watu wasiule. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye amwulize daktari kwanza, kwa kuwa baadhi ya mwani una vitamini K nyingi.

Kesho yake tulimwendea mama yule, tukalisoma kopo pamoja. Halikutaja aina ya mwani wala kiasi cha iodini. Tukamwomba aliweke kando, amfuatane mkaza mwanawe kliniki na kopo lenyewe, wamwonyeshe mkunga. Nawe msomaji, kabla ya kununua, tafuta mambo hayo mawili juu ya kopo. Yasipokuwepo, usimpe mjamzito.

Wallahu aalam.