Mwanamke Ajichore Mwenyewe

Mwaka 2022 Jumba la Taifa la Picha za Watu mjini London lilijipatia picha iliyochorwa mwaka 1982 na Mtanzania, Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya rangi, ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe, kuingia katika hazina ya jumba hilo lililoanzishwa mwaka 1856. Ndugu msomaji na apige hesabu: ni miaka 166.

Si kwamba katika miaka hiyo mwili wa mwanamke wa Kiafrika haukuchorwa. Ulichorwa, ukapigwa picha, ukapimwa, ukauzwa katika kadi za posta. Lakini walioshika brashi na kamera walikuwa watu wengine, na aghalabu mwenye mwili hakuulizwa hata jina. Ukoloni ulitwaa ardhi, na kadhalika ulitwaa sura za watu.

Nicodemus alizaliwa mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973. Huko alisoma katika Chuo Kikuu cha Stockholm elimu ya jamii za wanadamu, elimu ambayo kwa muda mrefu ilimweka Mwafrika mahali pa kuchunguzwa, si pa kusema. Kisha akashika brashi. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika nyumbani, katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Katika picha iliyoko London uso mmoja haukumtosha. Amejichora kwa nyuso kadhaa zinazoingiliana. Anayeishi ugenini, akiwa mama, mke na mfanyakazi kwa wakati mmoja, hahitaji kufafanuliwa maana yake.

Lililo kubwa zaidi ni kazi yake ya mwaka 1984 hadi 1986. Alikutana na wanawake katika Denmark, Tanzania na India, akawasikiliza wakieleza maisha yao, ndipo akachora na kutunga mashairi. Alianza kwa kusikiliza.

Jambo hili latuhusu sisi wa Babati. Mji wetu uko njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida, na katika stendi yetu wasichana hupanda mabasi kwenda kutumika majumbani mwa watu. Wengine hurudi na akiba, wengine na makovu. Habari zao husimuliwa na dalali, na mwajiri, na jirani. Wao wenyewe husikika kwa nadra. Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala sanaa ya namna hii si ngeni mkoani Manyara. Zamani wasichana wa Kiiraqw, walipotengwa ili wafundwe utu uzima, walishona shanga juu ya mavazi ya ngozi. Leo baadhi ya mavazi hayo yamo katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo, nayo majina ya washonaji hayajulikani.

Hatuna sababu ya kungojea jumba la sanaa lijengwe. Maofisa utamaduni, walimu na viongozi wa jumuiya za wanawake wana uwezo wa kuwaita wasichana waliorejea, kuketi nao na kuwasikiliza bila kuwahukumu. Kisha wapewe karatasi na rangi, na chini ya kila picha liandikwe jina la aliyeichora.