Mali bila Daftari

Mshahara unapotoka, wafanyakazi wengi husoma mstari wa mwisho wa hati ya malipo, wakaikunja na kuitia mfukoni. Mengine humwachia mhasibu. Tabia hiyo hatuiungi mkono, kwani ile mistari ya makato ndiyo inayobeba uzee wa mtu.

Kijana wa Nyarero, wilayani Tarime, aweza kuajiriwa Mwanza, Ukerewe au Unguja. Kwa Katiba ya 1977, kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 humfuata kokote. Mifuko ndiyo inayotofautiana: Zanzibar ina ZSSF, iliyoundwa kwa sheria ya 1998, Bara ina NSSF kwa sekta binafsi na, tangu 2018, PSSSF kwa watumishi wa umma.

Ieleweke kwamba mchango wa uzeeni si kodi. Ukilipwa kwa mfuko ulioidhinishwa, na katika kiwango cha sheria, huondolewa kwanza ndipo kodi ihesabiwe. Mfanyakazi wa Bara mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000, akichangia 100,000, hutozwa kodi juu ya 900,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni 103,000 badala ya 128,000. Hesabu hiyo ikisahauliwa, hupoteza 25,000 kila mwezi.

Na riba je? Mkazi aliyeuza ng'ombe akaweka fedha benki, akipata riba ya 200,000, benki hukata asilimia 10, yaani 20,000. Kodi hiyo ni ya mwisho, hadaiwi tena. Lakini aliyemkopesha jirani kwa riba, wala pasiwe na aliyekata kodi, hana budi kulitaja pato hilo. Mwenye mshahara peke yake, uliokwisha kukatwa kodi na mwajiri, halazimiki kuleta ritani. Mwenye pato jingine la namna hiyo huileta kabla ya 30 Juni kupita, akionyesha mshahara, mchango, riba na kodi iliyokwisha kukatwa.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni makato yaliyoandikwa katika hati bila kufika yanakostahili. Mwajiri hupewa siku 7 baada ya mwezi kwisha kupeleka kodi, na mwezi mmoja kupeleka mchango wa NSSF. Akikaa nao, mtumishi hurudi kijijini na mvi na mikono mitupu.

Kwa hiyo twawaomba maofisa wa kodi na wa mifuko wafike vijijini na visiwani, waeleze mambo haya kwa Kiswahili chepesi, na wawabane waajiri wazembe. Nanyi wafanyakazi, tunzeni hati zenu, ombeni taarifa ya michango kila mwaka, mkalinganishe. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.