Upigaji picha wa ridhaa mjini Dar es Salaam

Upigaji picha wa ridhaa mjini Dar es Salaam ni shughuli ya wakazi wa jiji hilo la Tanzania wanaopiga picha za mitaa, majengo na maisha ya mazingira yao bila kuifanya kuwa kazi ya kuwapatia riziki. Makala hii inahusu hasa katikati ya jiji, yaani kuanzia Kivukoni hadi Mnazi Mmoja, pamoja na Kariakoo. Wengi wa wapiga picha hao hutumia simu ya mkononi. Wachache wana kamera yenye lenzi za kubadilisha.

Mpiga picha wa ridhaa hutofautiana na yule wa studio, wa harusi au wa gazeti kwa kuwa hakuna anayemwagiza apige nini. Kwa sababu hiyo picha zake mara nyingi huonyesha vitu ambavyo hakuna mteja angevilipia: baraza ya nyumba, bango la duka, kona ya mtaa kabla haijabomolewa. Katika jiji linalobadilika haraka kama Dar es Salaam, picha za namna hiyo huweza kubaki kuwa ushahidi pekee wa jinsi mtaa ulivyokuwa.

Historia

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo. Picha nyingi za kale zinazojulikana leo zilipigwa katika kipindi hicho na wapiga picha wa kazi. Mmoja wao alikuwa Walther Dobbertin (1882–1961), Mjerumani aliyefika katika koloni mwaka 1906 na kuwa na studio mjini Dar es Salaam. Sehemu ya picha zake imehifadhiwa na Bundesarchiv, ambayo ni hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Mwaka 2008 hifadhi hiyo iliruhusu makumi ya maelfu ya picha zake zitumike huru kupitia Wikimedia Commons, zikiwemo za Dobbertin. Ndiyo maana mtu anayetafuta leo picha ya mji wa wakati ule hukutana na jina lake tena na tena.

Picha hizo zina thamani kubwa, lakini zina kasoro moja inayofaa kuangaliwa na kila anayeshika kamera. Maelezo ya picha za zama hizo kwa kawaida hutaja jengo au afisa kwa jina, ilhali Mwafrika huitwa tu "askari", "mpagazi" au "mwanamke wa Kiswahili". Majina ya watu hao yamepotea, na hakuna wa kuulizwa tena.

Wakati wa utawala wa Uingereza kamera za sanduku za bei nafuu zilienea duniani, lakini mjini Dar es Salaam zilikuwa zaidi mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Mkazi wa Kariakoo aliyetaka picha alikwenda studio, akavaa nguo zake za sikukuu na kusimama mbele ya pazia lililochorwa. Picha za studio zinaonyesha jinsi watu walivyotaka kuonekana. Mtaa waliotoka hauonekani.

Mfano maarufu zaidi wa mtu aliyeanza kwa ridhaa mjini humo ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako akiwa mwanafunzi alinunua kamera ya sanduku ya mkono wa pili. Mwaka 1963 alianzisha mjini humo kampuni ya Camerapix, na mwaka uliofuata alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar. Baadaye alihamia Nairobi. Picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu. Alipoteza mkono mmoja katika mlipuko mjini Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia, na alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Kwa mtu wa kawaida kamera ya filamu ilikuwa na gharama mbili: kununua mkanda na kusafisha picha. Mkanda ulitoa picha 36 kwa wingi, na katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, haukupatikana kwa urahisi. Mtu aliuweka kwa ajili ya harusi, kipaimara au maulidi. Kuupigia mtaa mtupu kungeonekana ufujaji. Hivyo albamu nyingi za familia za miaka hiyo zimejaa nyuso na zina mitaa michache sana, isipokuwa pale mtaa ulipoonekana nyuma ya bibi harusi. Kamera za kidijitali, na baadaye simu, ziliondoa gharama hiyo.

Kariakoo

Jina Kariakoo limetokana na matamshi ya Kiswahili ya "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliokaa hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Mitaa yake iliyonyooka na kukatana ilianza kupangwa na Wajerumani. Waingereza waliendeleza mpango wa kuugawa mji kwa rangi: Uzunguni upande wa bahari ya mashariki, Uhindini katikati, Kariakoo na Ilala kwa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja kuwa mpaka. Mpiga picha anayetembea leo kutoka Kivukoni kupitia Kisutu na Mnazi Mmoja hadi Mtaa wa Kongo anavuka mipaka hiyo mmoja baada ya mwingine, na majengo bado yanaionyesha.

Jengo kuu la soko lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege limekaa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, ili kukinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi, na soko lina sehemu ya chini ya ardhi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua, kisha serikali ikaanza kulikarabati na kuliongezea jengo jipya. Ghafla picha za kawaida zilizopigwa ndani ya soko kabla ya moto, zikionyesha mafungu ya nazi, mizani na meza za viungo, zikawa kumbukumbu. Aliyekuwa amepita na simu yake bila lengo lolote kubwa alikuwa amefanya kazi ya mtunza nyaraka.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele. Zamani ndizo zilizojaza Kariakoo. Tangu miaka ya 1990, biashara huria ilipopandisha thamani ya viwanja, zimebomolewa moja moja na nafasi zake kuchukuliwa na maghorofa yenye maduka chini. Zilizobaki hazina mlinzi wala kibao cha historia, kwa hiyo ndizo zinazostahili kupigwa picha kwanza, kabla ya makanisa na sanamu ambazo kila mtalii huzipiga.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Picha na video za simu zilisambaa mapema, nyingine zikiwaonyesha majeruhi. Tofauti kati ya picha inayosaidia kuonyesha jengo lilivyoanguka na ile inayomdhalilisha aliyenasa chini ya kifusi si ya kitaalamu. Mtu yeyote anaweza kuiona akijiuliza kama angependa ndugu yake apigwe hivyo.

Katikati ya jiji

Vitu vinavyopigwa picha zaidi ni Sanamu ya Askari, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Kanisa la Kilutheri la Azania Front, Boma la Kale, mnara wa saa na soko la samaki la Kivukoni. Sanamu ya Askari iliwekwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Ina maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na singe ya bunduki imeelekezwa bandarini. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Boma la Kale ni la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid mwenyewe.

Wachache huinua macho katika mitaa ya Uhindini, ambako juu ya maduka kuna majengo ya miaka ya 1920 na 1930 yenye roshani za mviringo, nakshi za saruji, na mara nyingi mwaka wa ujenzi uliochongwa juu kabisa. Mwaka huo ukionekana katika picha, picha inajieleza yenyewe.

Mwanga na hali ya hewa

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupanda haraka. Mwanga laini hupatikana kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 alasiri. Kati ya hapo vivuli huwa vifupi na vyeusi, na uso wa mtu mwenye kofia hupotea kabisa.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba upande wa jua hubadilika kwa majira. Mwezi Juni na Julai jua la adhuhuri liko kaskazini, kwa hiyo uso wa jengo unaotazama kusini hubaki kivulini. Desemba na Januari jua liko kusini kidogo na uso huo hupata mwanga. Majengo yanayoelekea bandarini huonekana vizuri zaidi asubuhi za miezi hiyo kuliko wakati wa kipupwe. Asiyejua hili hulaumu simu yake.

Katika vichochoro vya Kariakoo, ambako maghorofa huziba jua, tatizo ni lingine: anga jeupe juu na bidhaa gizani chini. Suluhisho rahisi ni kutoonyesha anga kabisa, au kugusa sehemu ya giza kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Saa moja baada ya mvua ya masika ni wakati mzuri, kwa kuwa vumbi limetulia na madimbwi huakisi rangi za vitenge. Kamera iliyotoka katika chumba chenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi ikikutana na joto la nje. Isipanguswe kwa shati. Ikiachwa dakika chache ukungu huondoka wenyewe.

Watu na ruhusa

Kariakoo kila mtu yuko kazini, na kamera humtia mashaka mtu aliye kazini. Mfanyabiashara hajui kama picha ni ya mtu wa kodi, wa jiji au wa mshindani wake. Mmachinga ana sababu zaidi: mwaka 2021 mamlaka za mkoa ziliwaondoa wafanyabiashara wadogo kando ya barabara. Salamu hufungua njia kuliko lenzi ndefu. "Shikamoo, mama, naomba nipige picha ya meza yako" ni ombi ambalo hukubaliwa mara nyingi, hasa likifuatwa na kununua kitu na kuonyesha picha iliyopatikana. Akikataa, basi. Watoto hawapigwi bila mzazi au mlezi kujua, na watu walio katika ibada huachwa na ibada yao.

Kisheria kuna mambo mawili yanayochanganywa. Hakimiliki ya picha, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ni ya aliyeipiga, si ya aliyepigwa. Lakini aliyepigwa naye ana haki zake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na uso unamtambulisha mtu. Kuwa na hakimiliki hakumpi mpiga picha ruhusa ya kuuza uso wa mama lishe kwa ajili ya tangazo.

Aidha, Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inahusu maeneo yanayolindwa. Ikulu ya Magogoni, kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo ya bandari si ya kujaribia kamera, hata kama mandhari yanavutia. Katika feri ya Kigamboni na stesheni za reli ni busara kumuuliza mlinzi kabla, maana baada ya kukamatwa maelezo huwa marefu.

Maelezo na uhifadhi

Picha ya mtaa isiyo na tarehe hupoteza nusu ya thamani yake, na isiyo na mahali hupoteza karibu yote iliyobaki. Simu huandika tarehe na saa ndani ya faili, lakini taarifa hizo mara nyingi hufutika picha inapotumwa kwa WhatsApp, ambayo pia hupunguza ukubwa wake. Kwa hiyo faili la asili ndilo la kuhifadhiwa.

Maelezo mazuri hutaja mtaa, mtaa unaokatana nao, upande ambao mpiga picha alikuwa akiutazama, na jina la mtu ikiwa mwenyewe ameridhia litajwe. "Soko, Dar" hayamsaidii mtu. "Mtaa wa Swahili kwenye kona ya Mkunguni, kuelekea kaskazini, Jumamosi asubuhi" yanamwezesha mtu mwingine kusimama mahali pale pale miaka 20 baadaye na kupiga picha ya kulinganisha. Baadhi ya wapiga picha hurudia kona moja kila mwaka kwa namna hiyo.

Picha za karatasi na negativu za zamani huharibiwa na unyevu wa pwani, ambao huzigandisha na kuziotesha ukungu. Hutunzwa katika bahasha za karatasi, si mifuko ya nailoni, ndani ya kabati lisilogusa ukuta wa nje. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu isibanduliwe kwa nguvu. Ni afadhali kuipiga upya ikiwa ndani ya fremu yake, karibu na dirisha, kioo kikielekezwa mbali na mwanga. Nyuma ya picha huandikwa kwa penseli, na majina huulizwa kwa wazee wa familia wakiwa bado wanayakumbuka.