Tufume Kobe wa Mtoto

Leo tufume kobe wa kuchezea. Tunataka uzi, sindano ya kroshia na sufi.

Tuanze na vitanzi 6 katika duara. Mzunguko wa pili tuongeze viwe 12, wa tatu 18, wa nne 24. Hilo ndilo tumbo. Gamba hufumwa vivyo hivyo, kisha mizunguko 4 bila kuongeza. Litainama kama bakuli. Tuyashone pamoja, tujaze sufi, tuzibe. Kichwa na miguu minne: vitanzi 6, mizunguko 5.

Jamani, macho tusiweke vifungo! Mtoto hung'oa kifungo akakitia mdomoni, kikamkaba koo. Tushone macho kwa uzi mweusi. Tukaze vitanzi, sufi isitoke.