Stesheni Tatu za Dar es Salaam



Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati toka Dar es Salaam. Ikafika Kigoma 1914. Stesheni yake iko mjini, karibu na Gerezani. TAZARA, reli ya Zambia, ilijengwa 1970 hadi 1975. Stesheni yake iko Temeke. Reli ya umeme ilianza kuchukua abiria 2024. Stesheni yake iko mjini vilevile.

Mbona hazitumii njia moja? Upana wa njia ni mbalimbali: milimita 1000, 1067 na 1435. Behewa la moja halipiti juu ya nyingine.

Basi ukikosea stesheni, treni itakuacha. Soma tiketi yako kabla hujatoka nyumbani.

Zoezi: Andikeni reli hizo tatu na miaka yake. Kwaherini.